Shati la Baba Yako Nililolifua kwa Maji ya Moto

Ahero, Jumapili jioni, mwezi wa tisa

Awino mwanangu,

Nguo zako nimezikunja na sanduku nimelifunga. Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kutowapa watu simu yako ovyo nimekuambia tangu Alhamisi, mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Hayo sitayaandika tena. Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema leo mchana jikoni, ukiwa umenipa mgongo, unakoroga mboga iliyokuwa imeshaiva.

Ulisema, "Mama, si ukubali tu. Ukubali yaishe, niende nikiwa msafi."

Nilichukua ndoo nikatoka, na ulijua kwamba maji yalikuwepo. Hukuanza kunijua leo, mimi jibu la haraka sina. Nilimaliza darasa la nane, na katika masomo yote Kiswahili ndicho kilichonipenda, kwa hiyo nikitaka kusema jambo bila kulia ninaliandika kwa Kiswahili. Kijaluo kinanitoa machozi upesi.

Jibu langu ni hapana. Sitakubali, na kesho utaenda chuoni kusomea umeme wako. Sasa nikueleze kwa nini, maana wakati ule ulikuwa mdogo, na hata yale uliyotaka kuyaona nilikufukuza usiyaone.

Nianze na leo. Baba yako mdogo Onditi alikuja kukuaga, na alikuja na moyo mzuri. Jogoo aliyemleta ndiye mkubwa kuliko wote alionao. Wakati wa kula ulileta jagi na beseni umnawishe. Mkono wako umeuficha ndani ya sweta wiki nzima katika joto hili, hata mimi sikujua, nikadhani ni mtindo wenu. Ukakunja sweta lisilowe, ukasahau. Akaona lile duara karibu na kiwiko, ukingo wake umeinuka na katikati pamekauka. Akarudisha mikono yake kabla maji hayajaifikia.

"Hii ni nini, Awino?"

"Ni choa tu, Baba."

"Choa." Akanigeukia. "Mke wa marehemu, unasikia? Anasema ni choa."

Unajua kwamba siku za amani huniita Nyar Seme, kwa jina la kwetu nilikozaliwa. Akiniita mke wa marehemu nakaa sawa kwenye kiti.

"Hiyo ni chira," akasema, "na unajua ilikotoka. Umekaa miaka hii yote umekataa mtu wa kukurithi, umekataa kusafishwa, sasa inahamia kwa mtoto. Hatoki kwenye lango hili na alama hiyo. Akienda nayo itammaliza huko kwa watu."

Kisha akala. Hilo nalo nililiona. Alikula vizuri, akasifu mchuzi, na wewe ukakimbilia jikoni.

Neno chira nimeliogopa tangu nikiwa mtoto kule Seme. Mtu akikonda, akitoka vipele, akizika watoto, watu walikuwa wanaulizana ni mwiko gani amevunja. Siwacheki. Mimi pia niliuliza hivyo juu ya wengine, nikiwa na ngozi safi.

Baba yako alikufa mwaka ule maji yalipojaa Kano yote mpaka tukapanga sufuria juu ya kitanda. Homa ilimchukua upesi, kabla hatujajua ni homa gani. Wazee walingoja muda wa heshima, halafu wakaniletea jina la mtu wa kunirithi, alale nami ili nihesabiwe nimesafishwa. Nilisema, "Niliolewa mara moja, na ilinitosha." Walicheka wakidhani ni majonzi yanayosema. Walirudi, nikasema hivyohivyo. Mara ya mwisho hakuna aliyecheka.

Walichokuwa hawajui ni kwamba nilikuwa bado nalala na mume wangu, kwa namna yangu. Nilikuwa na shati lake. Labda hulikumbuka, lile la mikono mirefu, rangi ya udongo, alilovaa kwenye mpunga. Nguo zake nyingine ziligawiwa kwa ndugu. Hilo nilikuwa nimelisukuma chini ya godoro siku waliyolala hapa kwa matanga. Lilikuwa na jasho lake na matope ya mfereji, na harufu moja nyingine ambayo sina jina lake, ya shingoni. Kila nilipolala nililivaa, kola nikaivuta mpaka kidevuni. Sikulifua. Nani angefua kitu kama hicho?

Sasa mkumbuke baba yako mwenyewe, alivyokuwa anajikuna. Akitoka shambani alisimama mlangoni, akaegemeza mgongo kwenye mwimo, akapanda na kushuka kama ng'ombe kwenye nguzo. Mahali pale rangi ilitoka, mpaka leo. Mgongo wake ulikuwa na ramani nzima ya maduara. Nikimwambia aende apewe dawa ya kupaka, alikuwa anajibu, "Mlango wangu, mgongo wangu, wewe unalalamika nini?" Na tena, "Mtu anayesimama majini kutoka asubuhi mpaka jioni lazima aote magamba. Ningekuwa mgonjwa ningeshindwa kukubeba?" Na alinibeba, mbele yako, ukamlilia akushushie mama yako. Huo ndio ugonjwa wa ngozi aliokuwa nao mtu niliyemzika, na sikuuwaza tena.

Haukupita muda mrefu nikaanza kuwashwa shingoni. Kisha kifuani, kisha mikononi juu. Maduara, kama yako. Wanawake tuliokuwa tukipandikiza mpunga pamoja waliyaona kabla sijajua la kusema. Mmoja wao, ambaye jina lake nimeamua kulisahau, aliniambia mbele ya wengine, "Nyar Seme, hebu shuka usimame huko chini, maji yatoke kwetu yaje kwako."

Nikashuka. Nikamwambia, "Nitasimama huku, na mpunga wangu utaota, na utaula." Wengine walicheka, lakini hakuna aliyeniita nirudi.

Hapo nilikuwa jasiri wa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nimeogopa sana. Nikaenda soko la Awasi, na kwa mtu mwenye meza ya vioo na vitana nikanunua krimu yenye picha ya msichana mweupe kwenye boksi. Aliniambia inaondoa kila kitu. Na kweli, Awino, mwasho ulikatika kama umezimwa. Nililala. Nilikwenda kanisani na nguo ya mikono mifupi, makusudi, nikakaa mbele. Nikaacha kupaka. Choa kikarudi, kipana kuliko kwanza, na ukingo wake haukuonekana vizuri tena, ngozi yote ikawa kama imechanganyikiwa. Nikapaka tena, kikanyamaza, kikarudi. Ngozi ya shingo ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Watu waliona yote hayo. Wakasema chira huicheka dawa, na mimi nikaona kwamba inanicheka.

Ndipo nilipochoka. Nataka ujue hili, kwa sababu unafikiri mama yako alizaliwa na shingo ngumu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Onditi kwamba nimekubali, walete mtu wao. Niliyasema peke yangu nikichambua omena. Nilikuwa nayapanga yasikike kama ni mimi niliyeamua.

Nilikwenda Kisumu kukununulia viatu vya shule, mvua ikanishika, nikaingia dukani kujikinga. Lilikuwa duka la dawa. Mwenye duka alikuwa mama Mhindi wa Kisumu hapahapa, Kijaluo anakijua, lakini kwangu alisema Kiswahili, labda kwa sababu nilikuwa natetemeka.

"Mama, hiyo shingo unaipaka nini?"

Nikamwonyesha tyubu, nilitembea nayo.

"Nani alikupa?"

"Soko."

"Na soko lilisomea wapi?" Akaigeuza, akasoma maandishi madogo. "Hii inatuliza mwasho. Ngozi inanyamaza, halafu fangasi inaendelea kula bila kusumbuliwa. Hii wacha kabisa."

Nikamwambia wanasema ni chira. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Dawa ya chira mimi siuzi," akasema. "Ya fangasi ninayo. Paka hii. Kama si fangasi itakataa, na wewe uende hospitali wakuangalie. Kama ni fangasi itaondoka. Lakini sikiliza. Siku utakayojiona umepona, endelea kupaka. Hapo ndipo nyinyi wote mnaharibu. Haionekani lakini iko."

Akanieleza kama mtu anayeeleza mtoto wake. Oga, ujikaushe kabisa, hata kwenye mikunjo. Paka kidogo, asubuhi na jioni, upite ukingo wa duara uingie kwenye ngozi nzima, kwa sababu fangasi imeshafika pale kabla ya macho yako. Nawa mikono. Taulo lako liwe lako. Shuka na nguo za kulalia uzifue kwa maji ya moto, uzianike juani.

"Na nyumbani kuna mwingine anayejikuna?"

"Alikuwepo," nikasema. "Amekufa."

Akaacha kufunga ile dawa. "Pole sana, mama. Nguo zake ziko wapi?"

"Tuligawa zote," nikasema.

Nilifanya yote aliyoniambia, isipokuwa hilo moja ambalo hakulijua. Asubuhi nilipaka, jioni nilipaka, shuka nilichemsha. Kisha nikizima taa navaa shati la baba yako. Mikono ikapona. Kifua kikapona. Shingo ikapona nusu, ikarudi. Na ni wewe uliyeniona nikijitazama kwenye kile kioo cha ukutani, ukasimama nyuma yangu na kijiko mdomoni.

"Mama, mbona inarudi hapo tu? Hapo pa kola?"

Nikakuambia nenda ulete kuni. Ukaniambia kuni zipo. Nikakuambia nenda ulete nyingine. Nisamehe kwa hizo kuni. Ulikuwa umesema kitu nilichokijua.

Sikulifua siku hiyo. Nilipaka dawa juu ya dawa, nikijaribu kuwa na vyote viwili, kupona na kubaki naye. Nilivaa kanga shingoni chini ya kola. Nilijaribu kulala nalo pembeni tu, bila kulivaa, lakini usingizini mkono wangu ulilitafuta. Mtu mwenye akili angelifua. Mimi nilikuwa na akili ya mtu aliyebakiwa na shati.

Kilichonifikisha mwisho ni Onditi. Alikuja kuniambia kwamba wazee wamechoka kungoja, na kwamba shingo yangu inawapa jibu. Alisema hivyo, kwamba shingo yangu inawajibu. Nikamtazama, nikafikiri: basi mimi ndiye ninayeifundisha hii shingo la kusema. Kila nikilala naifundisha.

Asubuhi yake niliwasha moto nje, uani, mahali pa kuonekana. Nikachemsha maji kwenye sufuria kubwa ya matanga. Nikalitumbukiza shati la baba yako, nikaligeuza kwa mwiko wa ugali, na maji yakawa rangi ya mto. Harufu yake ilipanda na mvuke, yote kwa mara moja, kuliko nilivyowahi kuipata usiku, kisha ikawa harufu ya sabuni. Niliisugua kola kwa kipande cha sabuni mpaka vidole vikauma. Nililia, ndiyo, na sikujificha, na waliopita njiani walinisalimu wakaendelea.

Nikalianika kwenye waya, katikati kabisa, mikono imetandazwa.

Onditi alipita akaliona. Akasimama nje ya ua.

"Nyar Seme, hilo si shati la ndugu yangu?"

"Ndilo."

"Nguo ya marehemu haifuliwi na wewe hujasafishwa. Nani amekuruhusu? Umeifua na nini?"

"Na sabuni."

"Nakuuliza neno la maana."

"Na mimi nakujibu la maana. Sabuni, na maji ya moto, na hilo jua unaliona. Alikuwa na fangasi mgongoni, Onditi. Ulimwona akijikuna mlangoni kwangu, ukamcheka. Ndugu yako hakuniachia laana. Aliniachia fangasi, maskini, na hakujua."

Macho yake yalikwenda mlangoni kwangu. Nadhani alitaka kucheka, kwa sababu aliukumbuka ule mlango. Kisha akaondoka bila kuaga.

Niliendelea kupaka dawa baada ya ngozi kuwa safi, muda mrefu, mpaka nikaona aibu kununua nyingine kwa shingo isiyo na kitu. Haikurudi. Wanawake wakarudi kwenye mfereji wangu, mmoja mmoja, bila kusema lolote, na mimi sikuwauliza. Onditi aliniambia tu kwamba chira huweza kungoja. Leo ameona mkono wako, na kwake ni kama amengojea kitu kikafika.

Sasa ni wewe. Choa chako sijui ulikitoa wapi. Labda mlibadilishana masweta na wenzako, mmelalia mkeka mmoja, umembeba yule paka wa jirani anayenyonyoka. Kinatoka mahali pa kawaida kama hapo. Ulikificha kwa sababu ulikuwa unaogopa jina lake, na chini ya sweta, katika jasho, kilipata nyumba nzuri. Mimi nilificha shati, wewe umeficha mkono, na fangasi inatupenda sisi wawili kwa tabia hiyo.

Tyubu nimeiweka juu kabisa ya nguo zako, uione kwanza ukifungua sanduku. Ni ile ya fangasi, nimeisoma maandishi madogo. Kule bwenini paka mbele ya wenzako. Wakikuuliza, waambie ni nini, na usiwaazime taulo. Kikikataa kabisa, nenda zahanati ya chuo umwonyeshe mtu aliyesomea, usiende kwa mtu mwenye meza.

Na lile neno lako, "msafi." Hilo ndilo lililonitoa jikoni. Nani alikuambia kwamba si msafi? Nilikuzaa, nikakuosha kwa mikono hii. Mimi mwenyewe nilifiwa. Sikuchafuka. Nililala karibu na mume wangu alipokuwa hai na alipokuwa hayupo, na hakuna mwanamume wa kuja kuniondolea hilo. Sijui mambo yote, Awino. Wazee waliona mengi, na siku nyingine nikisikia bundi na mimi hukaa kitako kitandani. Lakini jambo linaloondoka kwa dawa ya kupaka sitalilipia kwa mwili wangu, na wewe hutalilipia kwa chuo chako. Hata ungebaki hapa, hata mimi ningekubali, mkono wako ungewasha vilevile.

Usimchukie baba yako mdogo. Alizika watoto wawili, na aliambiwa ni kwa sababu ya jambo alilolifanya yeye, na aliamini. Ndiye aliyelima shamba letu mwaka ule wa msiba nilipokuwa siwezi kuinuka, bila kuitwa. Anakupenda na anaogopa, na hofu ya mtu anayekupenda ni ngumu kuikataa kuliko matusi. Mimi nimeikataa miaka hii yote na bado nampikia chai.

Amesema atakuja alfajiri asimame langoni. Najua atakuja. Hatutapita kwenye lile tundu la ua upande wa mfereji kama watu walioiba. Tutapita langoni, wewe na sanduku lako, sweta limekunjwa, mkono unaonekana. Nitamsalimu mimi kwanza. Akisimama katikati nitasimama naye nimzungumzishe, nitamuuliza habari za ng'ombe wake mpaka achoke, na wewe utapita pembeni yetu. Mpe mkono ule mzima. Mwambie, "Baba, nitarudi Desemba," na usiongeze neno. Usikimbie. Usigeuke kuniangalia kama ninalia, kwa sababu nitakuwa nalia, na hiyo haibadilishi kitu.

Na huko, katikati ya watu wapya na nyaya zako za umeme, unikumbuke.

Mama yako